Kukusanya Chapa za Mbao za Kijapani: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza

Chapa za mbao za Kijapani hazikutengenezwa ziwekwe makumbusho. Katika jiji la Edo, Tokyo ya leo, ziliuzwa madukani kwa bei iliyokaribiana na ya bakuli moja au mawili ya tambi za soba. Watu walizibandika ukutani, wakazikunja, wakazishona kuwa albamu, na wageni wa mikoani wakarudi nazo kwao kama zawadi ya jiji. Picha iliyopendwa ilichapwa kwa maelfu. Ndiyo maana leo mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kumiliki karatasi halisi iliyochapwa Edo mwaka 1855, tena akajua hata mwezi ambao mkaguzi wa serikali aliipitisha.

Kwa sababu hiyo hiyo, nakala mbili za picha moja huweza kuachana kwa bei kama mbingu na ardhi. Machi 2023, nakala ya Wimbi Kuu, picha ya mchoraji Hokusai, iliuzwa kwenye mnada wa Christie's jijini New York kwa dola za Marekani milioni 2.76. Picha hiyo hiyo, iliyochongwa upya kwenye mbao nyingine na kuchapwa kwa mkono karne ya 20, hununuliwa kwa dola mia chache. Kwa hiyo kila hatua iliyoelezwa hapa inarudi kwenye jambo moja: unanunua karatasi iliyo mbele yako, hununui jina la msanii wala picha unayoikumbuka kutoka kwenye vitabu. Ukizoea kuitazama karatasi, mengine yatafuata.

Hatua ya 1: Fahamu chapa inavyozaliwa

Jina linaloandikwa kwenye chapa ni la mchoraji, lakini kazi ni ya watu wanne. Mchapishaji ndiye aliyetoa mtaji, akachagua mada na kuagiza kazi. Mchoraji alichora kwa wino mweusi kwenye karatasi nyembamba. Mchongaji aliibandika karatasi hiyo kifudifudi juu ya ubao wa mcheri wa mwituni na kuchonga kufuata mistari, kwa hiyo mchoro wenyewe uliangamia ubao ulipozaliwa. Kisha kila rangi ikachongewa ubao wake. Mpigachapa alipaka rangi za maji kwenye ubao kwa brashi, akalaza karatasi ya nyuzi za mforosadi wa karatasi, akasugua mgongo wake kwa kisugulio cha duara kiitwacho baren. Alama mbili zilizochongwa pembezoni mwa kila ubao, kento, zilihakikisha karatasi inakaa mahali pale pale kila mara. Utaratibu huu wa rangi nyingi ulikamilika Edo mwaka 1765, katika kazi za Suzuki Harunobu.

Mambo mawili ya kukumbuka hapa. Kwanza, hakuna “mchoro wa asili” uliofichwa mahali. Chapa ndiyo kazi yenyewe. Chapa halisi maana yake ni iliyotoka kwenye mbao za mwanzo, enzi zile. Pili, mbao huchakaa. Nakala za mwanzo zina mistari myembamba isiyokatika, na mara nyingi rangi inayofifia taratibu kutoka nzito hadi nyepesi, ufundi uitwao bokashi, ambao mpigachapa aliufanya kwa mkono karatasi baada ya karatasi. Picha ikishapata soko, mchapishaji aliongeza kasi: bokashi ikapunguzwa au kuachwa, rangi zikapungua, mistari ikanenepa. Zote hizo ni chapa halisi. Thamani yake ndiyo haifanani.

Hatua ya 2: Chagua eneo lako

Anayeanza hutaka Hokusai na Hiroshige, na majina hayo ndiyo yenye bei kubwa na nakala za kisasa nyingi kuliko yote. Ushauri wangu ni kuanzia kwa Utagawa Kunisada (1786–1865), ambaye tangu 1844 alitia sahihi kwa jina la Toyokuni. Alitoa kazi nyingi mno, hasa za waigizaji wa kabuki, mchezo wa jadi wa jukwaani. Karatasi moja iliyochapwa vizuri hupatikana mara nyingi kwa dola 100 hadi 300, na hakuna aliyehangaika kuighushi kwa kuwa faida haipo. Hapo utajifunza mihuri, karatasi, rangi na kasoro kwa ada ndogo.

Ukipenda mashujaa, mazimwi na paka, tafuta Kuniyoshi, aliyefariki 1861. Ukipenda hadithi na hisia, tafuta mwanafunzi wake Yoshitoshi (1839–1892), ambaye mfululizo wake wa picha 100 za mwezi, wa 1885 hadi 1892, una uchongaji wa hali ya juu kuliko chapa nyingi za Edo. Kunichika na Chikanobu wa enzi ya Meiji (1868–1912) bado ni wa bei nafuu, na nadhani hawajapewa heshima wanayostahili.

Ipo pia karne ya 20. Mchapishaji Watanabe Shozaburo alifufua kazi ile ya watu wanne akiwa na wachoraji kama Kawase Hasui (1883–1957), mtu wa theluji, mvua na usiku. Tetemeko na moto wa Septemba 1, 1923 viliteketeza mbao na akiba ya Watanabe, ndiyo sababu Hasui wa kabla ya tarehe hiyo ni adimu. Eneo hili lina uzuri mwingi, ila pia lina mtego wa nakala zilizochapwa baada ya msanii kufa, nao nitauelezea hapo chini.

Hatua ya 3: Fundisha macho kabla ya kufungua pochi

Kabla ya kununua chochote, tumia wiki kadhaa ukitazama tu. Tovuti ya Ukiyo-e.org, iliyotengenezwa na John Resig, imekusanya picha za chapa zaidi ya 200,000 kutoka makumbusho na wauzaji, na unaweza kupakia picha uliyonayo ikakutafutia inayofanana nayo. British Museum na Museum of Fine Arts ya Boston wameweka makusanyo yao mtandaoni bure. Ndani ya Boston tafuta mkusanyiko wa Spaulding: ulitolewa mwaka 1921 kwa sharti kwamba usitundikwe ukutani kamwe, na kwa kuwa haujapigwa na mwanga rangi zake zimebaki karibu kama zilivyotoka kwa mpigachapa. Bila kuona kipimo kama hicho huwezi kujua chapa unayouziwa imepauka kiasi gani.

Zoezi ninalopendekeza ni picha moja tu: mvua ya ghafla kwenye daraja la Shin-Ohashi, kazi ya Hiroshige ya 1857 kutoka mfululizo wake wa mandhari 100 za Edo, ile ambayo Van Gogh aliinakili kwa rangi za mafuta mwaka 1887. Fungua nakala 4 au 5 za makumbusho tofauti uziweke pamoja kwenye skrini. Anzia juu. Katika nakala nzuri, wingu jeusi linashuka kwa ukingo usio sawa, kama wino uliomwagika na kuzuiwa. Katika nakala za baadaye ni mkanda mweusi ulionyooka, au umefifia kabisa. Shuka kwenye mvua: mistari yake ni kama nyuzi, inapishana kwa pembe mbili tofauti kidogo. Tafuta ilipokatika au kuungana. Tazama kisanduku cha jina kilicho juu kulia, uone kama rangi yake inabadilika taratibu au imepakwa moja. Halafu ukingo wa mbali, miti na nyumba zilizofifia kwa mvua, uone kama zina kina au ni doa la kijivu. Ukimaliza, utakuwa umejifunza kupanga nakala kwa ubora bila kuambiwa na muuzaji.

Kwa Wimbi Kuu fanya hivyo hivyo. Angalia mstari wa kisanduku cha jina upande wa kushoto. Katika nakala zilizochelewa umekatika.

Hatua ya 4: Soma mihuri

Huhitaji kujua Kijapani. Unahitaji kutambua maumbo machache. Anayejua kanga za zamani hutazama pindo kwanza, akaona K.H.E. na “Mali ya Abdulla”, akajua ni ya duka gani la Mombasa kabla hata ya kusoma jina la kanga. Kwenye chapa nako mihuri midogo pembeni husema mengi kuliko picha.

Edo ilikuwa na ukaguzi, na utaratibu wake ulibadilika mara kwa mara. Mabadiliko hayo ndiyo kalenda yetu. Muhuri mmoja mdogo wa duara wenye neno kiwame, “imeidhinishwa”, ulitumika 1791 hadi 1842. Baada ya mageuzi makali ya 1842, wakaguzi walitia mihuri ya majina yao: mmoja kuanzia 1843 hadi 1847, kisha miwili pamoja hadi 1852. Katika 1852 na 1853 mihuri hiyo miwili ikaongezewa wa tatu, wenye mwaka na mwezi. Kuanzia mwisho wa 1853 hadi 1857 utaona muhuri wa aratame, “imekaguliwa”, pamoja na wa tarehe. Mwaka 1858 ni tarehe peke yake. Kuanzia 1859 hadi 1871 aratame na tarehe vimeunganishwa ndani ya duara moja. Kuanzia 1876 pembezoni panaandikwa jina na anwani ya mchapishaji na ya mchoraji, pamoja na tarehe kwa mwaka wa Meiji. Ongeza 1867 upate mwaka wetu, yaani Meiji 20 ni 1887.

Mwaka kwenye mihuri ya katikati ya karne huandikwa kwa mnyama: 1853 ng'ombe, 1854 chui milia, 1855 sungura, 1856 joka, 1857 nyoka, 1858 farasi. Chapisha orodha ya alama hizo 12 za wanyama na namba za miezi, uiweke karibu na meza. Baada ya chapa ishirini hivi hutaihitaji tena.

Tahadhari mbili. Chapa nyingi za Osaka hazina mihuri ya ukaguzi, kwa hiyo kukosekana kwake huko si kosa. Na muhuri unathibitisha ubao ulipoidhinishwa, si siku karatasi yako ilipochapwa. Anayechonga upya huchonga na mihuri pia.

Hatua ya 5: Tenga halisi na nakala

Nunua lenzi ya kukuzia mara 10, ile ya masonara. Ukiona vitone vidogo vilivyopangwa kwa safu, umeshika picha ya mashine, na mazungumzo yameishia hapo. Kwenye chapa ya mbao rangi imo ndani ya nyuzi za karatasi, imetanda bila vitone, na mara nyingi utaona chembe za mshipa wa mbao.

Geuza karatasi. Mgongo una habari nyingi kuliko uso. Rangi inapaswa kupenya na kuonekana kwa nyuma, pamoja na alama za mviringo za baren mahali palipopakwa rangi nyingi. Iinue mbele ya dirisha: karatasi ya mforosadi huonyesha nyuzi ndefu zilizotawanyika. Karatasi nyeupe mno, nene, isiyo na umri wowote, yenye pembezoni pana na safi pande zote nne, kwa kawaida ni nakala ya karne ya 20. Nyingi ya hizo ni kazi nzuri za mikono kutoka nyumba za heshima kama Adachi na Unsodo, na hakuna ubaya kuzinunua kwa bei yake. Ubaya ni kulipa bei ya Edo.

Pima. Ukubwa wa kawaida, oban, ni takriban sentimita 38 kwa 26. Chuban ni takriban nusu yake. Picha ya oban yenye upana wa sentimita 20 imepunguzwa au ni nakala ndogo.

Rangi nayo ni shahidi. Bluu kali ya Prussia ilianza kutawala chapa za Japani karibu na 1830. Ukiiona kwenye karatasi inayodaiwa kuwa ya Utamaro, aliyefariki 1806, rudisha. Nyekundu na zambarau zinazopiga kelele ni rangi za viwandani zilizoingia kuanzia miaka ya 1860. Wengi huzidharau. Mimi naona zinawafaa sana waigizaji wa Kunichika.

Kwa karne ya 20 mambo ni tofauti, kwa sababu mbao zile zile ziliendelea kutumika. Kwa Hasui, tazama muhuri wa Watanabe, kwani umbo lake lilibadilika kwa vipindi. Muhuri mdogo wa duara wa milimita 6, kwa mfano, ni wa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kwa mchoraji Yoshida Hiroshi (1876–1950), tafuta muhuri wa jizuri, “kujichapia”, kwenye ukingo wa kushoto, pamoja na sahihi ya penseli. Sahihi iliyopigwa kama muhuri, bila jizuri, kwa kawaida huashiria chapa iliyotolewa na familia baada ya kifo chake, na bei lazima ishuke.

Hatua ya 6: Pima hali ya karatasi

Hakuna chapa ya miaka 170 isiyo na kasoro. Swali ni zipi uzikubali. Mkunjo wa katikati, vitobo vichache vya wadudu vilivyozibwa vizuri, alama za kushonwa kwenye albamu: nazikubali bila wasiwasi. Kupauka sikubali, kwa kuwa hakuna dawa yake. Nyekundu ya maua ya kartamu na bluu ya maua ya mmea wa tsuyukusa hufa kwa mwanga, na chapa iliyotundikwa dirishani miaka 50 hubaki kahawia na kijivu. Chapa iliyokatwa pembezoni mpaka ndani ya picha nayo naiacha, hasa kama mihuri imekwenda na mkasi.

Karatasi iliyogandishwa juu ya kadibodi inahitaji tahadhari. Kadibodi za zamani zina asidi, na kuibandua ni kazi ya fundi wa uhifadhi. Usithubutu kuiloweka mwenyewe. Rangi hizi ni za maji. Pia hakikisha picha imekamilika. Nyingi za Kunisada na Chikanobu ni karatasi tatu zinazoungana, na wauzaji huuza moja peke yake bila kusema. Mchoro unaokatwa ghafla pembeni, mkono bila mwili, upanga bila mwenyewe: uliza zilizobaki.

Hatua ya 7: Nunua

Mtaa wa Jimbocho jijini Tokyo bado una maduka ya zamani ya chapa; Ohya Shobo lilifunguliwa 1882. Wauzaji wa aina hiyo, wa Tokyo, London au New York, huandika hali ya karatasi kwa uaminifu na hupokea marejesho, na kwa chapa ya kwanza ya thamani ni afadhali kuwalipa wao zaidi kidogo kuliko kubahatisha kwenye minada ya mtandaoni. Minada hiyo itumie baada ya macho kukomaa, kwa chapa za bei ambayo hasara yake haitakuumiza.

Kabla ya kulipa omba picha nne: uso wote bila fremu, mgongo wote, mihuri kwa karibu, na karatasi ikiwa imeinuliwa mbele ya mwanga. Uliza moja kwa moja: imechapwa lini, kwenye mbao za mwanzo? Imekatwa? Imegandishwa? Imewahi kuoshwa au kuongezwa rangi? Muuzaji anayesema hawezi kuitoa kwenye fremu, achana naye. Kwenye mnada mkubwa kumbuka ada ya mnunuzi, ambayo mara nyingi hufika robo ya bei ya nyundo, yaani bei iliyofungia mnada, au zaidi. Panga dau lako ukiwa umeshaihesabu.

Chapa isafirishwe ikiwa imelala, katikati ya kadibodi mbili ngumu, ndani ya mfuko usiopitisha maji. Usikubali isokotwe ndani ya bomba. Muuzaji aandike ankara ya kweli: chapa halisi ya mbao, mchoraji, mwaka, bei. Katika mfumo wa ushuru wa kimataifa, chapa halisi za sanaa zina kundi lake, 9702, na vitu vya kale vya zaidi ya miaka 100 vipo 9706. Mwoneshe wakala wako wa forodha kabla mzigo haujafika, maana chapa ikiandikwa “bango” au “pambo la nyumba” utakuwa na kazi ya kueleza.

Hatua ya 8: Tunza

Maadui ni mwanga, unyevu, asidi na wadudu. Kwa anayeishi Mombasa, Dar es Salaam, Zanzibar au Muscat, unyevu ndio mkubwa. Lenga unyevu wa hewa wa karibu asilimia 50. Kipimo cha unyevu cha bei ndogo kinatosha kukuonya. Chumba chenye kiyoyozi kinachowashwa na kuzimwa kila siku ni kibaya kuliko chumba chenye hali moja isiyobadilika, kwa sababu karatasi hutanuka na kusinyaa kila mara. Kama huna namna ya kudhibiti chumba, tumia sanduku la plastiki linalofunga vizuri, vifuko vya kukausha unyevu, na ukague kila mwezi. Ukungu ukianza kwenye karatasi moja, itenge siku hiyo hiyo.

Kila chapa ilale ndani ya folda ya karatasi isiyo na asidi, isigusane na nyingine. Ukitaka kuitundika, ishikwe juu tu kwa vipande vya karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, nyuma ya kadibodi yenye dirisha ili uso usiguse kioo. Kioo kiwe cha kuzuia mionzi ya urujuanimno, nao ukuta usipigwe na jua. Selotepu isiikaribie kabisa. Makumbusho hutumia mwanga wa takriban lux 50 na hubadilisha chapa kila baada ya miezi michache; nyumbani fanya vivyo hivyo, moja ukutani na nyingine zikipumzika gizani. Unapozishika, mikono iwe imeoshwa na kukaushwa, na uinue kwa pembe mbili zinazokabiliana.

Hatua ya 9: Andika kumbukumbu

Siku chapa inapofika, kabla ya kuihifadhi, ipige picha mbele na nyuma, kisha andika: mchoraji, jina la mfululizo, mchapishaji, mihuri na tarehe yake, vipimo kwa milimita, kila kasoro na mahali ilipo, ulinunua kwa nani, lini, kwa bei gani. Ongeza kiungo cha nakala ya makumbusho uliyolinganisha nayo, na tofauti ulizoziona. Ankara ihifadhiwe pamoja na maelezo hayo, na nakala yake nje ya nyumba. Namba ya kumbukumbu iandikwe kwa penseli laini kwenye folda, isiandikwe kwenye chapa. Ukija kupata nakala bora ya picha uliyonayo, maelezo hayo ndiyo yatakayokuwezesha kuiuza ya kwanza kwa bei ya haki na kuongezea ununue ya pili.